Karatasi Iliyotundikwa Dukani kwa Mzee Uwesu

Wenzangu wa Kariakoo, nanyi mnaokuja kununua na kuondoka, nipeni masikio kidogo niwasimulie yaliyoipata nyumba moja ninayoijua vizuri. Mimi nauza ndoo na mabeseni. Meza yangu inatazamana na duka la Mzee Uwesu, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiona kila kinachoingia na kutoka pale, hata nisipotaka. Yale ambayo sikuyaona kwa macho yangu nilisimuliwa na Moza, binti yake, na ni yeye aliyeniambia niyaseme hadharani na jina lake nisilifiche. Kwa hiyo asije mtu kuniambia nasengenya.

Mzee Uwesu ni mtu wa Lindi. Anauza viungo na dawa za asili: mdalasini, karafuu, habasoda, ubani, na unga wa majani ya kila aina. Mkewe, Mama Moza, alikuwa akishinda naye dukani. Alasiri jua likishapunguza ukali, ungemkuta mlangoni kwenye kigoda chake, ungo mapajani, anachambua karafuu na kumtania kila apitaye. Mimi alikuwa akiniita Mama Beseni, na nilizoea hata nikawa naitika.

Mama Moza alikuwa na ugonjwa wa sukari wa siku nyingi. Asubuhi na jioni alijidunga sindano yake ya insulini bila kulalamika, akaendelea na kazi zake. Ajabu yake ni kwamba mumewe alikuwa akiuza unga wa jani fulani ambalo watu husema linashusha sukari, na yeye hakuwahi hata kuuonja. "Mume wangu anauza, mimi sinywi," alikuwa akisema mbele ya wateja, na Mzee Uwesu mwenyewe anacheka. Jani lenyewe sitalitaja. Nawajua nyinyi. Nikilitaja leo, kesho mtakuwa sokoni mnaliulizia.

Moza alikuwa anasoma chuo, kule mjini karibu na Posta, akichukua masomo ya ununuzi na ugavi. Ni mtoto wa kwanza wa ukoo ule kufika chuo, na mnajua mtoto wa namna hiyo anavyotumikishwa. Mkataba wa kupanga nyumba, asome Moza. Simu imegoma, aitazame Moza. Shangazi yuko Nachingwea anasikia kizunguzungu, apigiwe Moza aseme ni nini. Hakuna aliyejiuliza ununuzi na ugavi unahusiana vipi na kizunguzungu. Kwao msomi ni msomi. Na Moza, kwa kuwaheshimu wazazi, na kwa kupenda kidogo kusifiwa, hakuwa na mazoea ya kujibu kwamba jambo fulani halijui.

Utulivu wa nyumba ile ulivurugwa na wivu wa biashara.

Mmeona kuta za maduka yetu. Hakuna duka lisilo na karatasi iliyotiwa plastiki: leseni, cheti cha semina, picha ya mwenye duka akishikana mkono na mheshimiwa fulani. Mteja anayetoka mbali hamjui muuzaji, basi anatazama ukuta. Sasa Ridhiwani, mwenye duka la dawa za asili upande wa pili wa barabara, akatundika karatasi ya Kiingereza yenye michoro ya mistari inayopanda na kushuka. Nina hakika Ridhiwani mwenyewe hakujua inasema nini. Lakini wateja wakaanza kuvuka barabara kwenda kwake, na Mzee Uwesu akabaki anapepea nzi.

Jumamosi moja Moza alipofika dukani na kumwamkia baba yake, baba aliitikia marahaba haraka haraka na kumvutia kiti.

"Umeona mambo ya Ridhiwani?"

"Nimeona, baba."

"Si uliniambia chuoni kwenu kuna maktaba ya kwenye kompyuta, ina tafiti za dunia nzima? Nitafutie na mimi. Ya jani letu. Inayosema linafanya kazi."

"Baba, utafiti hautafutwi hivyo. Unaanza na swali, halafu ndio unaona wataalamu wanasemaje."

"Swali mimi nimeshauliza, na wateja wangu wananijibu kila siku. Wewe niletee karatasi tu."

Mama Moza aliinua uso kutoka kwenye ungo wake. "Mwache mtoto na masomo yake, Baba Moza." Lakini alisema huku akitabasamu, kwa sababu na yeye alikuwa anajivunia kwamba binti yake anao ufunguo wa mahali ambapo Ridhiwani hawezi kuingia.

Jumatatu Moza akaenda maktaba. Kwa msiojua, vyuo siku hizi hulipia hifadhi kubwa za makala za kitaaluma mtandaoni. Mwanafunzi anaingia kwa nywila yake, anaandika maneno ya kile anachokitafuta, na mfumo unamletea orodha ya makala zilizoandikwa na watafiti wa kila mahali. Mkutubi wao, Bi Leticia, alikuwa amewafundisha walipoanza mwaka wa kwanza. Aliwaambia watafute swali wasitafute jibu. Aliwaambia pia kwamba ule muhtasari unaokaa mwanzoni mwa makala ni wa kukusaidia kuchagua cha kusoma, si wa kukusaidia kuamua. Moza aliyaandika maneno hayo na akayajibu vizuri kwenye mtihani.

Akaandika jina la kitaalamu la jani lile, akaongeza neno kisukari. Makala zikaja nyingi, na hazikupatana. Hii inasema sukari ilishuka kidogo. Ile inasema hapakuwa na tofauti yoyote. Nyingine inasema ushahidi bado ni mdogo mno. Kama angeishia hapo, akarudi kumwambia baba yake kwamba wataalamu wenyewe bado wanabishana, mimi leo ningekuwa nauza mabeseni yangu na hadithi hii isingekuwepo.

Hakuishia hapo. Akaongeza neno la Kiingereza lenye maana ya faida. Orodha ikapungua. Akaongeza jingine lenye maana ya kufaulu, ikapungua tena. Mfumo ule ni mtiifu kuliko mtoto yeyote mtakayemlea: ukiuomba sifa, unakuletea sifa. Makala ya juu kabisa ilikuwa wazi kusomwa yote, kurasa zake zote zikiwa pale, kazi ni kushusha tu kwa kidole. Moza alisoma kichwa cha habari na muhtasari. Wagonjwa waliokunywa unga wa jani lile kwa miezi kadhaa, sukari yao ilishuka kwa kiasi cha kuonekana. Wenzake walikuwa wanamsubiri nje kwa kazi ya kikundi. Akachapisha ukurasa wa kwanza, akafunga kompyuta.

Chini ya ukurasa ule mfumo ulikuwa umeandika wenyewe jina la chuo. Baba yake alipoliona alilibusu. Jioni ile ile wakaupeleka kwa Jeet wa steshenari, akautia plastiki, na kabla ya hapo Mzee Uwesu alimtaka Moza apige mstari mwekundu chini ya ile sentensi ya kushuka kwa sukari. Kesho yake ukatundikwa mlangoni, juu kidogo ya kichwa cha Mama Moza anapokaa.

Wateja walirudi, na wakaja na wengine. Walipiga picha karatasi kwa simu zao. "Binti yangu ndiye aliyeitafuta," Mzee Uwesu alisema siku za kwanza. Baadaye ikawa binti yake ndiye aliyethibitisha. Haukupita mwezi, nikamsikia kwa masikio yangu akimwambia mama mmoja wa Tunduru kwamba binti yake ndiye aliyefanya utafiti. Moza alikuwa amesimama pale pale, anafunga vifurushi. Aliinamisha macho, akaendelea kufunga.

Sasa nisikilizeni hapa vizuri, maana ndipo penyewe.

Jioni moja nyumbani kwao Magomeni, Moza alimkuta mama yake jikoni anakoroga unga wa jani kwenye kikombe cha uji.

"Mama, si ulikuwa hunywi?"

"Nilikuwa sinywi dawa ya baba yako. Hii ni dawa yako."

Moza alicheka kidogo, halafu kicheko kikamkatika. "Na sindano?"

"Nimeipumzisha. Tumbo limejaa matundu, mwanangu, nimechoka kujitoboa. Kama kuna jani linalofanya kazi ile ile, na wewe umelisoma huko chuoni, nijidunge kwa nini?" Akanywa funda moja, akamtazama binti yake usoni. "Ile karatasi umeisoma yote?"

Moza aliniambia kwamba alisimama pale na jibu la kweli likiwa mdomoni. Aliona jinsi mama yake anavyomtazama, kwa ile imani ambayo hakuwahi kumpa mumewe wala muuzaji yeyote. Akaona aibu kusema kwamba amesoma juu juu.

"Nimeisoma, mama."

"Basi," akasema Mama Moza, na akamaliza uji wake.

Ndugu zangu, nimewaona wezi humu Kariakoo wakikimbizwa kwa kuiba simu moja. Uongo ule wa maneno mawili ulichukua kikubwa zaidi ya simu, na hakuna aliyepiga kelele.

Usiku ule Moza alijiapiza kwamba kesho atakwenda maktaba kusoma kurasa zilizobaki. Kesho yake kukawa na jaribio. Halafu ikaja mitihani yenyewe. Na kila siku iliyopita ilifanya jambo lile kuwa zito zaidi, kwa sababu sasa haikutosha kusema "mama, subiri." Ingebidi aseme pia kwamba alimdanganya. Akawa anajipa moyo kwamba mama anaonekana mzima.

Na kweli alikuwa amepungua mwili. Sokoni wakamsifu. "Mama Moza umependeza, umekuwa msichana," walimwambia, na yeye akawaonyesha karatasi. Kiu ilikuwa haimwishi, chupa ya maji haikutoka mkononi, na mara kwa mara alimwachia mumewe ungo ili aende msalani. Mzee Uwesu hakuona. Alikuwa na furaha mbili, ya duka kujaa na ya mkewe kumwamini hatimaye baada ya miaka yote ile ya kutaniwa.

Ndipo kamba ya ndala mpya ikamchubua kidole cha mguu. Wenye sukari wanajua, miguu hupoteza hisia, na kidonda kinaweza kukua bila mwenyewe kusikia uchungu. Alikiona kimeshakuwa kibaya. Mumewe akakipaka manjano. Mama Moza akavaa soksi ili wateja wasione, kwa sababu alisema haitakuwa vizuri mke wa mwenye dawa aonekane na kidonda kisichopona. Hilo alilisema kwa utani, lakini soksi aliendelea kuvaa.

Alasiri moja ungo ulianguka na karafuu zikamwagika barabarani. Nilipovuka nilimkuta amelala ubavu chini ya karatasi ile, anapumua haraka haraka, haniitiki. Tulimpakia kwenye bajaji, mimi nimemshika kichwa, Mzee Uwesu ameshika miguu huku akimwita kwa jina lake la usichana ambalo sikuwahi kulisikia.

Moza alitukuta hospitali. Daktari Evarista, mama wa makamo asiye na maneno mengi, alitoka na kuuliza mgonjwa anatumia dawa gani.

"Insulini," akajibu Mzee Uwesu.

"Damu yake haisemi hivyo. Ameiacha tangu lini?"

Mzee Uwesu akanitazama, nami nikamtazama Moza. Moza alikuwa amejiegemeza ukutani.

"Ameiacha kwa ajili ya karatasi yangu," akasema. Akaeleza yote, palepale, mbele ya baba yake na mbele yangu: jani, maktaba, mstari mwekundu, kikombe cha uji.

Daktari alimsikiliza mpaka mwisho. "Na hiyo makala, kurasa nyingine zilisema nini?"

"Sijui, daktari. Sikuzisoma."

Daktari Evarista hakumgombeza. Alimgeukia baba, akamweleza kwamba sumu ya kidonda imeanza kusambaa na mguu lazima ukatwe chini ya goti, leo hii, ili mama apone. Mzee Uwesu aliomba kalamu ya kusaini ridhaa, na Moza akamshikia karatasi isiteleze.

Mama Moza alipona. Mguu haukupona.

Siku ambayo mama alianza kukaa kitandani na kula mwenyewe, Moza alikwenda maktaba. Aliifungua makala ile ile, na safari hii akaisoma toka neno la kwanza hadi la mwisho, kuanzia asubuhi mpaka wanaosafisha wakamwomba anyanyue miguu wapige deki. Akachapisha kurasa zote. Hakuzipeleka kwa baba yake. Alizikunja akaziweka kwenye mkoba, na akakaa nazo, kwa sababu kuzitoa aliogopa.

Ni mama yake aliyeziulizia. Alikuwa ameshatolewa hospitali, amekaa kwenye mkeka uani kule Magomeni, kisiki cha mguu kimelazwa juu ya mto. Mimi nilikuwa nimekwenda kumjulia hali. Mzee Uwesu alikuwa kwenye kigoda kando yake.

"Moza," akasema Mama Moza, "zile kurasa nyingine za karatasi yako unazo?"

"Ninazo, mama."

"Nisomee. Kwa Kiswahili. Yote, usiruke."

Moza akasoma. Alikuwa akitafsiri polepole, akikwama anarudia. Alisoma jinsi watafiti walivyowapata wagonjwa wao, na kwamba walikuwa wachache. Alisoma kwamba waliokuwa wakitumia insulini hawakuruhusiwa kushiriki kabisa, kwa ajili ya usalama wao. Kisha akafika mahali akasita, akaurudia mstari ule kwa kidole.

"Endelea," mama yake akamwambia.

"Wanasema wagonjwa wote waliendelea kutumia dawa zao za hospitali kipindi chote cha utafiti. Wanasema jani hili lisitumike badala ya dawa."

Mzee Uwesu alijifunika uso kwa kofia yake.

"Endelea, haijaisha," akasema Mama Moza. Moza akasoma mpaka mwisho, hadi majina ya waliosaidia utafiti. Alipomaliza, mama yake aliutazama mto na kile kilichokuwa juu yake.

"Mimi nilikuwa nalala nawaza kwamba karatasi ilinidanganya," akasema. "Kumbe haikunidanganya. Imesema yote."

"Ni mimi, mama."

"Ndiyo. Ni wewe."

Hakupandisha sauti wala hakuongeza neno la kulainisha, na nilimwona Moza akiyapokea maneno yale kama mtu anayeyastahili. Kisha Mama Moza akanyoosha mkono. "Njoo unibadilishie kitambaa hiki, kimelowa. Na kesho unipeleke kliniki." Moza akaziweka kurasa chini, akapiga magoti, akaanza kufungua bendeji. Alilia huku mikono yake ikifanya kazi, na mama yake alimwacha alie.

Karatasi ya dukani Mzee Uwesu aliibandua mwenyewe. Jani lile haliuzi tena. Lakini kuna jambo linalomla hadi leo. Kila mteja aliyemkumbuka wa hapa mjini alimfuata nyumbani kwake, Buguruni, Temeke, hata alivuka Magogoni kwenda Kigamboni, akiwaambia wasiache dawa zao. Wengine walimshukuru, wengine walimtukana, naye akakubali. Waliobaki ni wale wasafiri. Yule mama wa Tunduru alinunua, akapiga picha karatasi, akaondoka na basi. Hatujui jina lake. Kila akipita mwanamke mwenye mtandio wa kijani kama aliokuwa amejitanda mama yule, Mzee Uwesu huacha mizani akasimama kumtazama.

Funzo

Enyi mnaosoma vyuoni, mmepewa mlango ambao wazazi wenu hawana ufunguo wake. Mkiingia humo, ulizeni swali na mkubali jibu litakalokuja, hata kama halimfurahishi aliyewatuma. Mkiandika maneno ya kuvuta mnachokitaka, mtaletewa mnachokitaka, na mtakuwa hamjatafuta kitu. Someni mpaka mwisho. Mtu aliyeandika onyo aliliandika ili lisomwe, na si kosa lake kwamba liko ukurasa wa ndani.

Na mkiulizwa kama mmesoma, semeni kweli. "Sijasoma yote" ni maneno mepesi kuyatamka, na Moza angeyatoa kwa gharama ya aibu ya jioni moja. Sasa anayatamka kila siku, kwa kila anayemuuliza, na mguu wa mama yake haurudi.

Nasi wazazi na wafanyabiashara, tusimtume mtoto akatuletee sifa kisha tukaiita elimu. Tusimfanye anayesomea jambo moja kuwa mganga wa kila jambo. Tukiona karatasi ukutani, tuulize inasema nini, na iliyobaki iko wapi. Na wewe mwenye sukari, mwenye presha, mwenye maradhi yoyote unayeyatibu hospitali, usiache dawa yako kwa sababu ya ukuta wa duka la mtu, hata kama mtu huyo ni mumeo.

Kama wewe ndiye yule mama wa Tunduru, au unamfahamu, mwambie arudi kliniki. Mwambie Mzee Uwesu wa Kariakoo anamtafuta.